Wazo Lililokataa Kuoza

Mama Jalala alikuwa ofisini kwake, ameketi kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya, akijichokoa sikio kwa unyoya wa kuku huku akimsikiliza dereva. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena la bati lililotobolewa dirisha kwa msumeno, na mlango wake haukujua kutulia. Upepo ukija, paa! Upepo ukiondoka, paa! Nje, ubavuni mwa lori, fundi rangi alikuwa ameandika kwa herufi nyekundu maneno aliyoyatunga Mama Jalala mwenyewe, mwenye kampuni ya kutoa taka: UKITUPA, SAHAU.

"Klachi inanuka, mama," dereva alisema.

"Wewe nawe unanuka, na kila siku unafika."

Dereva akacheka kwa adabu, akaenda kuwasha lori. Lori likakohoa kama mzee aliyeamshwa mapema.

Jina la Mama Jalala alipewa na watu wa sokoni kwa kumsimanga. Yeye akalipokea na kulipaka rangi mlangoni, maana alisema anayeishi kwa kuokota hachagui. Lakini usione kucheka. Mwanamke huyu alikuwa akihesabu shida zake kila kukicha. Alikuwa na lori moja, na hilo moja lilikwenda kwa dua. Alikuwa na wateja waliotaka taka ziondoke ila hawakutaka lori lipite mbele ya nyumba zao. Alikuwa na wapakiaji ambao ugonjwa uliwajua kwa siku, hasa Jumatatu. Na juu ya hayo yote kulikuwa na mtaro.

Habari ya mtaro ni fupi. Dampo lake lilikuwa mlimani, na chini yake walikaa watu. Mvua ikinyesha, maji meusi ya taka yalishuka taratibu, bila haraka wala haya, hadi kwenye kisima cha watu wa bondeni. Mama Jalala alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, mbele ya umati, akaahidi kuchimba mtaro wa kuyageuza maji yale kabla ya mvua. Alipigiwa makofi. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena, na mtaro ulikuwa bado uko pale pale ulipochimbwa: mdomoni. Tangu hapo kila alipoinua glasi ya maji, aliirudisha mezani. Akahamia kwenye chai.

Daktari alimpima, akakung'uta kipimo, akasema, "Mama, una mawazo mengi. Yatupe."

Hakusema ayatupe wapi. Na mtu wa biashara ya taka ukimwambia atupe kitu usimwonyeshe pa kukitupa, umemwachia mwenyewe aamue.

Basi asubuhi ile, lori likiwa linakohoa nje, unyoya uligusa kitu. Mama Jalala akakivuta. Kikatoka kidonge cha kijivu, kimelowa, kikubwa kama harage, mfano wa uchafu unaojikusanya kwenye pindo la mfuko. Akakinusa. Kilinuka klachi. Papo hapo akajikuta habari ya klachi haimhusu tena, kama mtu anayesikia msiba wa ukoo asioujua.

"Kumbe ndiyo haya," alisema, akatafuta pipa.

Hapo ndipo alipokwama. Ni yeye aliyeweka sheria ya mifuko: kijani kwa vinavyooza, bluu kwa vinavyouzika, nyeusi kwa visivyomfaa Mungu wala mja. Alishawahi kumfokea mpakiaji mbele ya mkwe wa huyo mpakiaji kwa sababu ya ganda la ndizi lililoonekana kwenye bluu. Sasa alisimama na wazo lake kiganjani, mwalimu aliyesahau somo lake mwenyewe. Bluu haikufaa, nani atanunua? Nyeusi aliiona ni kujidharau. Akatia kwenye kijani. Wazo, alijiambia, litaoza tu kama kila kitu.

Siku zilizofuata alijichokoa kwa bidii, kila wazo likaenda kijani. Sikio la kulia lilitoa wateja, la kushoto likatoa wapakiaji. Moja lililohusu mama mkwe wake lilitoka kwa chafya, likamdondokea kwenye chai. La mtaro ndilo lililotaka mafuta ya kupikia na mkono wa mtu wa pili. Mumewe, kinyozi mstaafu, alilivuta kwa vidole viwili, akalitazama lilivyovimba lilipopata hewa hadi likawa kubwa kama limau.

"Hili lilikuwa limekaa vibaya," alisema, akanawa mikono, akarudi kwenye redio yake.

Mama Jalala akanywa glasi nzima ya maji.

Sasa, mifuko ya kijani ilikwenda kwenye shimo la mboji, na mboji ile Mama Jalala aliwagawia bure watu wa bondeni, iwe pole ya harufu. Aliisifia sana pole hiyo kila alipopata wa kumsikiliza. Watu wa bondeni wakaitia kwenye vitalu vyao, kabichi zikastawi zikawa kubwa kama vichwa vya wajumbe, wakazipika, wakala.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda gari la mtu ila la wagonjwa. Alisimama katikati ya njia akalizuia lori kwa mkongojo.

"Klachi yako haimalizi wiki, mwanangu," alimwambia dereva. "Sijapata raha tangu jana."

Dereva akashuka, akafungua, akakuta bibi yule kasema kweli. Akamshukuru. Baada ya hapo watu wa bondeni walikuwa wakifika uwanjani mwa kampuni kabla wapakiaji hawajafika. Walibonyeza matairi kwa vidole gumba. Walifagia mizani ya kupimia taka. Baba mmoja fundi viatu aliacha viatu vya watu akaenda kugonga kwa mteja mmoja kumwomba radhi kwa mfuko uliosahauliwa, na mteja akakubali radhi, akafunga mlango. Mama mmoja alikonda kwa kuwawaza wapakiaji wa Jumatatu.

Biashara ikanyooka. Mama Jalala akanenepa mashavu. Alikaa kwenye kiti chake cha waya akifuma kitambaa cha kufunikia redio, na dereva alipomuuliza siri, alisema, "Zamani nilikuwa nalipa watu wasiojali. Sasa nina wanaojali bila kulipwa. Ningejua, ningejichokoa masikio tangu ujana, badala ya kuyatobolea herini."

Ndipo akaja wifi yake.

Wifi huyu, dada wa kinyozi, alikaa bondeni, na ndiye aliyesimamia wachambuaji kule dampo. Aliingia bila kubisha, mlango ukagonga nyuma yake paa! Akaweka mezani furushi la gunia, akalifungua. Ndani kulikuwa na kitu cha kijivu, sasa kikubwa kama nazi iliyofuliwa, kizima, hakina hata alama ya funza. Ukikisogelea ulisikia tone linadondoka ndani yake, halafu lingine.

"Wifi, chako hiki," alisema.

"Mbona kimenenepa?"

"Muulize aliyekitupa. Mnafanana mashavu."

Mama Jalala akacheka, maana kwa wifi usipocheka umeshindwa. "Ningekupa chai, wifi, ila naona umekuja na mgeni."

"Mawazo yako mengine tuliyala na kabichi bila kujua, yametuingia, basi. Shemeji ya jirani yangu hali wala halali kwa ajili ya tairi lako la nyuma. Tumevumilia. Hili limekaa shimoni, limegeuzwa na koleo, limemwagiwa maji ya moto, limekataa kuoza. Wazo la kisima sisi tunalo letu, tangu zamani, linatutosha. Hili ni lako. Lirudishe lilikotoka, upate kuchimba huo mtaro. Mawingu hayo hapo."

Mama Jalala akatazama dirishani. Mawingu yalikuwepo kweli, meusi, yamejipanga kama foleni ya kliniki.

Hakuwa mtu mbaya. Alilichukua wazo lile kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaliweka sikioni. Nalo likaanza kujisokota liingie, jepesi kabisa, kama paka anayerudi kwao. Mara akasikia ladha ya maji ya kisima ulimini mwake. Akawaona watoto wa wifi yake, wale waliomwita mkaza mjomba, wamechutama nyuma ya nyumba wameshika matumbo.

Akalitoa. Likatoka na mlio wa kizibo.

"Haliingii, wifi," alisema. "Masikio yamesinyaa. Uzee."

"Lilitokaje?"

"Kutoka si kazi. Hata mtoto hutoka. Muulize aliyezaa kama kuna anayerudi."

Wifi hakucheka. Alikunja gunia lake vizuri, pembe kwa pembe, maana gunia lilikuwa la kazini. "Sawa, wifi," alisema. "Wewe una masikio ya kusinyaa, sisi tuna kisima cha kujaa." Akatoka. Mlango ukagonga, paa!

Mama Jalala akabaki na wazo mezani. Alilitazama akatikisa kichwa. "Mwanamke mzima," alijisemea, "kampuni ya kutoa taka, na taka yangu mwenyewe imenishinda pa kuipeleka." Kijani lilishakataa. Bluu hapana. Nyeusi ilikuwa pale, mdomo wazi, lakini aliona itakuwa aibu wapakiaji wakiliona. Akaamua kuliamulia kesho.

Mvua ikaanza na upepo. Mlango ukagonga, ukagonga tena, ukamkatisha hesabu ya nyuzi za kitambaa. Bila kuinuka, Mama Jalala akalivuta wazo kutoka mezani, akaliacha lianguke, akalisukuma kwa mguu hadi kwenye kizingiti. Mlango ukaliegemea. Ukatulia.

Tangu siku hiyo haujagonga tena. Maji meusi yanashuka yanakoshuka, taratibu, na watu wa bondeni wanapanda mlima na ndoo hadi bomba la mbali, wakipita mbele ya ofisi. Wifi yake naye hupita. Huangalia chini kizingitini.

"Mlango unakaa, wifi?"

"Unakaa, wifi. Ahsante."

Wengi wa bondeni bado huja alfajiri kubonyeza matairi. Na wateja wakubwa, wale wa mtaa usiotaka kupitiwa na lori, wameanza kuulizia habari ya masikio. Juzi bwana mmoja mwenye suti alisimama mlangoni, akapanda juu ya lile wazo asijue, akainama na kunong'ona kwamba naye ana kidogo, kimefungwa kwenye leso, je, kinaingia mfuko gani?

Mama Jalala alikuwa anafuma.

"Kijani," alisema.