Vyumba Vilivyomfuata Nunu

Jumapili saa tatu asubuhi, Wael wa kampuni ya majumba alifika mtaa wa Hamriya kupima nyumba ya zamani, akamkuta Nunu anachambua dengu. Alipima vyumba vinne, sebule na jiko, akaandika. Kampuni ingeichukua nyumba hiyo kama sehemu ya malipo ya nyumba mpya ya Azaiba, ambayo bado ilinuka rangi.

"Mwenye nyumba ni wewe, mama?" aliuliza. Wazee wake walitoka Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Mwenye nyumba ndugu yangu, Harub. Mimi nnakaa tu."

Alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja. Mshahara wake wa uuguzi ndio uliojenga vyumba viwili vya nyuma, na katika chumba cha mbele ndimo alimomuuguza mama yao hadi mwisho. Lakini siku ya kuandikisha hati Nunu alikuwa zamu hospitali, na Harub akaandika jina lake peke yake, akisema nyumba ni yao wote. Katika nyumba mpya alimpangia dada yake chumba cha chini ya ngazi, kisicho na dirisha. Alikisifu kwamba kina utulivu.

Walihama Alhamisi. Ijumaa, watu waliporudi kutoka msikitini, jiko la Hamriya lilikuwa limesimama uani Azaiba na vigae vyake vya kijani, bomba linachuruzika. Nunu aliingia akalifunga, kisha akapika wali, maana jiko jipya lilikuwa halijaunganishwa gesi.

Jumamosi kilikuja chumba cha mama yao, kikajibana ubavuni mwa sebule mpya. Jumapili vikaja vile viwili vya nyuma.

Wael alipiga simu kulalamika kwamba nyumba aliyopokea Hamriya imepungua vyumba.

"Da Nunu, virudishe," Harub alisema.

"Nivirudishe na nini, na teksi?"

"Sema navyo. Vinakusikia wewe."

Nunu alikuwa ameshasema navyo. Alfajiri ile aliliambia jiko liende zake, kwa sababu lilimzuia kuanika nguo. Lilifika barabara kuu, likanunung'unika kidogo kwenye mzunguko, na kabla ya adhuhuri lilikuwa limerudi palepale, juu ya kamba ya nguo. Kampuni nayo ilituma lori. Mara mbili lilikipeleka chumba cha mama Hamriya, na mara zote mbili chumba kilitangulia kufika Azaiba. Dereva alikataa safari ya tatu. Harub akaweka chumbani humo mashine yake ya kukimbilia.

Jumatano Wael alikuja mwenyewe. Alikunywa kahawa mbili, akazunguka akigonga kuta.

"Vinamfuata mama huyu," alimwambia Harub. "Kwa kawaida vyumba humfuata mwenye mali. Ilitokea Qurum mwaka juzi. Hati ilikuwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi ni vyako," Wael alisema, akatoa fomu.

Nunu alimtazama kijana huyo aliyesema maneno mawili yasiyokaa pamoja bila hata kuweka kikombe chini. Fomu ilisema vyumba vilivyowasili ni nyongeza ya nyumba ya Azaiba, mali ya Harub.

"Na mimi nnaandikwa wapi?"

"Hapa chini, mama." Wael alionyesha kwa kidole. "Shahidi. Anatakiwa mtu aliyeviona vikija."

"Tia sahihi, Da Nunu, tusimcheleweshe mtu," Harub alisema.

Nunu aliichukua kalamu. Kulikuwa na wali jikoni, na kamba ya nguo bado iko chini ya jiko. Aliuliza kama kalamu ina wino wa kutosha, maana hakutaka kuandika mara mbili. Akatia sahihi.

Nje, sebule ya Hamriya ilikuwa imefika getini, inangoja njia. Harub akatoka kusogeza gari lake. Wael akatoa fomu nyingine, na Nunu, ambaye alikuwa hajairudisha kalamu, akatafuta mahali pa shahidi.