Mstari Uliopinda kwa Auleria

Maji ya vuli yalipokauka, bondeni kulibaki matope yaliyopasukapasuka na nyumba zilizolala chini kama walevi. Ndipo wilayani wakamtuma Idefonsi, mpima ardhi, aje Nyamigogo airekebishe ramani ya kijiji. Ile ya kwanza ilichorwa mwaka wa kuhamia vijijini, watu waliposhushwa kutoka milimani na kupangwa safusafu kando ya barabara. Aliyeichora alikuja kiangazi, akaliona bonde limekauka, tambarare, akalipenda.

Jovina ndiye aliyeshika ncha ya kamba. Kamati ya kijiji ilitaka awemo mwanamke mmoja anayelima bondeni, na yeye alikuwa na mpunga huko. Kazi yenyewe haikuwa ya siri. Idefonsi aliangalia takataka zilizonasa kwenye matawi, akaangalia alama za tope kwenye migomba, akauliza wenye nyumba maji yalifika wapi. Halafu Leonidasi, balozi wa nyumba kumi, akagongelea kigingi chenye rangi nyekundu. Chini ya vigingi, kulima ruksa, kujenga marufuku. Waliokuwa na nyumba huko walipewa nafasi mpaka wavune ndipo wahame. Kabla ya hapo, mto ukianza kujaa, Leonidasi apige ngoma, apite kila nyumba iliyo chini ya mstari, awatoe watu.

Kamba ikaenda, ikaenda, ikafika kwa Auleria, mama mkwe wa Jovina.

Bibi huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, Emilian, mume wa Jovina, na Emilian alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani. Asubuhi ya kuondoka alikula viazi vilivyopikwa na mama yake, na tangu siku hiyo Auleria hakuuacha moto ule uzime. Usiku aliufunika majivu, alfajiri akaupuliza. Kwao, mama mwenye mwana vitani hahamishi mafiga. Kuyang'oa ni kusema mtoto hatarudi.

"Shikamoo bibi," Idefonsi alisema.

"Marahaba. Hicho kijiti unakipeleka wapi?"

Idefonsi akamweleza kwa upole kwamba maji ya vuli yalifika kwake, kwa hiyo kigingi kitakaa upande wa juu wa nyumba, na yeye atapewa kiwanja kingine mlimani. Auleria akasema maji yalifika mlangoni tu.

"Yalibisha hodi, nikayakatalia."

Watu wakacheka. Idefonsi naye akacheka, lakini akaingia ndani kutazama ukuta. Ukuta ulikuwa umesiribwa upya, laini, hauna hata doa. Jovina ndiye aliyeusiriba, wiki iliyopita, kama mwanamke yeyote anavyotengeneza nyumba yake baada ya mvua. Hakuwa na nia mbaya siku ile. Idefonsi akatoka, akamgeukia.

"Wewe mama unaishi hapa. Yaliingia?"

Jovina alitazama chini. Tope lile alilizoa mwenyewe kwa beseni. Lakini alimwona mkwe wake amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti, akamfikiria Emilian huko aliko, na naye pia, kusema kweli, hakutaka mafiga yale yaguswe.

"Hayakuingia," alisema.

Leonidasi akamwambia mpima ardhi aupigishe mstari goti hapo, ili bibi abaki. Mstari ukapinda, ukazunguka chini ya nyumba, ukarudi juu. Kijiji kizima kikapaita Goti la Auleria. Nimpaye, jirani aliyetoka Burundi na watoto wake, alikuwa upande wa chini, akaambiwa ahame. Akaanza kubeba miti ya nyumba yake kupanda mlima, huku akiuliza kwa sauti kama na yeye atafute mwana wa kupeleka vitani ili kamba imwonee haya.

Masika ilikuja kwa fujo. Siku yenyewe Jovina alikuwa gulioni, na huko jua lilikuwa linawaka, kumbe mvua ilikuwa inapiga kule mto unakotoka. Mto ukajaa mchana. Leonidasi akapiga ngoma, akakimbia nyumba hadi nyumba chini ya vigingi, akabeba wazee mgongoni, akavuta mbuzi, akatoa watu wote. Hakumpoteza hata mmoja wa wale aliokabidhiwa.

Jovina alipofika aliwakuta watu wamejaa kwenye mteremko. Akauliza mama yuko wapi. Kila mtu akamtazama mwenzake. Kila mmoja alijua Auleria yuko juu ya mstari.

Walimkuta jikoni. Maji hayakumfika hata kiunoni, ila ukuta ulilowa ukaporomoka, ukamlalia yeye na moto wake.

"Nilipita pale, Jovina," Leonidasi alisema. "Nilimsalimia. Akaniambia niwahi kwa wenye watoto."

"Ulifanya ulivyoambiwa," Jovina akajibu.

Matanga yalipokwisha, Idefonsi akarudi na ramani. Safari hii hakumuuliza kitu. Jovina mwenyewe alimpeleka mpaka maji yalipoishia, akangoja kigingi kigongwe. Kisha akasema, "Hata yale ya vuli yaliingia. Yalinifika hapa." Akaonyesha chini ya goti lake. Idefonsi aliendelea kuchora, hakuinua macho. Leonidasi akaiweka nyundo yake begani, akaenda zake bila kuaga.

Jovina alihamia juu, akajenga jirani na Nimpaye. Redio ikatangaza vita imekwisha, na malori yakaanza kuwarudisha vijana. Asubuhi moja alikuwa anatwanga muhogo, Nimpaye akaja mbio kutoka barabarani, kanga inamdondoka.

"Emilian yumo! Nimemwona kwa macho yangu. Amekonda, lakini mzima. Anauliza kwa nini mama yake hajaja kumpokea."

Jovina akauweka mchi chini. Kisha akauokota tena.

"Mmemwambia?"

"Nani amwambie? Tunakungoja wewe."

"Mwambieni nakuja," Jovina alisema, akaendelea kutwanga, ingawa kinuni unga ulikuwa umeshalainika.