Lenzi ya Kutosha Mkia wa Nyota

Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, yenye droo mbili. Ya kushoto ilikuwa nzito kufunguka kwa sababu niliijaza vifungo, na ya kulia ilibeba mkasi, kichupa cha mafuta na kipande cha sabuni ya kuchoria nguo. Niliinunua kwa pamba ya misimu mitatu, niliyoilima kabla Justina wetu hajazaliwa. Naieleza hivi ili msomaji ajue ni kitu gani hasa kilitoka nyumbani kwetu Tinde mwaka wa themanini na sita kwenda kufuata mkia wa nyota.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba nyota yenye mkia inarudi baada ya miaka sabini na sita, na kwamba huku kwetu itaonekana vizuri mwezi wa nne. Watu wengine walisikia wakaendelea kupalilia. Kwetu ilikuwa habari nyingine, kwa sababu baba mkwe wangu, mzee Clemens, aliwahi kuiona. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi kwao Ushirombo, na tangu hapo hakuwahi kuacha kuisimulia. Aliisimulia kwenye misiba, aliisimulia kwenye foleni ya sukari, mpaka Tinde nzima wakamwita Baba Mkia, na si kwa heshima.

Mume wangu, Otmar, alikuwa mpiga picha. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, pazia lililochorwa maua, na kamera ya Kirusi. Akasema, "Mama Justina, safari hii tutawaonyesha. Nitaipiga nyota hiyo, niitundike pale mbele, na wote waliomcheka baba watainunua."

Lenzi yake ya siku zote ilikuwa ya kupigia watu wawili waliokaa. Kwa mbingu ilitakiwa lenzi pana. Pana kiasi gani? Hapo ndipo alipomwendea shahidi.

Alifunga mabua mawili ya mtama kwa kamba upande mmoja, yakawa yanafunguka na kufumba kama mkasi. Akamkalisha mzee uani kwenye kiti chake cha ngozi.

"Baba, mkia ulianzia wapi?"

"Pale, juu ya choo cha Valerian."

Otmar akaelekeza bua la kwanza kwenye choo cha jirani yetu. "Ukaishia wapi?"

Mzee akafuata mbingu polepole kwa kidole mpaka shingo ikakataa. "Huko nyuma yangu. Hebu nigeuzeni kiti."

Tukamgeuza. Bua la pili likaenda mpaka juu ya banda la kuku. Siku iliyofuata Otmar alirudia kipimo ili ahakikishe, na mkia ukawa umelipita banda, umefika kwenye mpapai. Otmar akachukua kipimo cha pili. Mimi nilishika kamba nikafunga fundo, nikauliza taratibu, "Baba Justina, hapa pana kipimo cha nyota au cha mzee?"

"Heri ibaki nafasi," akasema, "kuliko mkia ukatike."

Hofu yake niliielewa. Siku zile Tinde hapakuwa na mtu wa kupokea picha iliyomkata miguu. Mtu alivaa viatu vya kuazima ili vionekane. Ukimkata vidole tu, alikurudishia picha yako na kukuuliza kama umemwona kilema. Otmar alikuwa amerudia picha za namna hiyo bure zaidi ya mara moja. Kwake yeye mkia wa nyota ulikuwa miguu.

Tukaenda Shinyanga mjini, dukani kwa Hasnain, mabua yamefungwa kwenye kanga. Hasnain aliuza filamu, alisafisha picha pamoja na mkewe Anar, na alikuwa na bati la biskuti lenye lenzi tatu zilizolala kwenye pamba. Aliziuziwa na Mzungu mmoja mpima madini wa Geita aliyekuwa akirudi kwao.

"Hii ni pana, na tundu lake ni kubwa, vyote viwili," Hasnain akasema, akiishika ya kwanza kwa ncha za vidole. "Bei yake ni ng'ombe watatu."

"Irudishe ilale," Otmar akasema.

"Basi zimebaki hizi. Hii ni ya milimita ishirini na nane; milimita zikipungua, lenzi inapanuka. Si pana sana, lakini tundu lake ni la mbili. Namba ya tundu ikiwa ndogo, dirisha ni kubwa. Itakunywa mwanga wa nyota kama ng'ombe aliyetoka machungani. Na hii nyingine ni ya ishirini. Pana kupita kiasi, lakini tundu ni tatu na nusu. Dirisha dogo kwenye nyumba kubwa. Faida yake, unaweza kuiacha wazi sekunde nyingi zaidi kabla nyota hazijaanza kujiburuza kwenye filamu."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Kwa usiku? Ya ishirini na nane. Fundi, nyota ni habari ya mwanga. Tena lenzi ikiwa pana sana, kila kitu kinakuwa kidogo."

Otmar akafungua kanga, akayapanua mabua yake juu ya meza ya kioo mpaka fundo likakaza. Anar akatoka nyuma ya duka kuona. Hasnain akaziweka lenzi machoni moja moja, akalinganisha. Ya ishirini na nane ilikata mabua yote mawili. Ya ishirini iliyaingiza yote.

"Mkia ukikatika kidogo nani atadai?" Hasnain akauliza.

"Hujakaa Tinde wewe."

Sasa jambo lenyewe. Ile ya ishirini na nane tuliiweza kwa akiba yetu na lenzi ya zamani ya Otmar. Ile ya ishirini ilitaka akiba, lenzi ya zamani, na cherehani yangu juu yake. Hasnain hakuwa mtu mbaya. Alisema ataitunza cherehani mpaka mwisho wa mwezi wa sita; tukileta fedha iliyobaki, tunaichukua; tusipoleta, kuna fundi wa Ushirombo anayetafuta cherehani.

Otmar akanigeukia. Nilikuwa na maneno mengi tayari. Akaniwahi.

"Wewe ni fundi, Mama Justina. Kitambaa ukikikata kipana, unakipunguza. Ukikikata kifupi, unakirefushaje?"

Miaka kumi na tano nilikuwa nawaambia wateja maneno hayohayo. Nikaitikia kwa kichwa. Jumanne yake cherehani ikapandishwa lori la pamba. Nilitoa vifungo kwanza.

Mwezi wa nne ulikuja na mvua zake. Kila jioni mbingu ilikuwa sufuria iliyofunikwa. Alhamisi baada ya wiki ya Pasaka ikafunuka, na usiku mnene tukatoka uani: Otmar na kamera iliyofungwa kwenye kigoda kwa mpira wa baiskeli, mzee Clemens na blanketi, mimi na saa ya kuhesabia sekunde.

Nyota ilikuwepo. Ilikuwa juu kusini, ukungu mdogo wa mviringo, kama nyuzi za pamba zinazobaki kwenye mbegu iliyochambuliwa vibaya. Mkia sikuuona. Otmar alitazama mabua, akatazama juu, akatazama mabua tena.

Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha kuingia utando. "Mnaiona?"

"Tunaiona, Baba," nikasema.

"Kubwa?"

Otmar akasafisha koo. "Ina ukubwa wake."

"Nilisema," mzee akajibu, akajifunika blanketi.

Picha kumi na mbili zilipigwa usiku ule. Filamu ilikuwa ya thelathini na sita, na haikuwezekana kuitupa iliyobaki. Jumamosi hiyo binti wa Valerian aliolewa. Otmar akaenda na lenzi pana, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"Si watu wataonekana wako mbali, kama kupitia dirisha la ghala?" nikamwuliza.

"Nitasogea," akasema.

Akasogea kweli. Watu walipangwa kama desturi: wenye uzito katikati, wengine waenee kadiri ya hadhi. Katikati kabisa alikaa bwana Telesphori, katibu wa chama cha msingi, mwenye tumbo lililotangulia kuingia kila mkutano. Bibi harusi alikuwa kushoto kwake na bwana harusi kulia. Mwisho wa mstari, pale ambapo mpiga picha mwingine angemkata nusu, alisukumwa Mbuke, shangazi wa bibi harusi. Mbuke alikuwa mwembamba tangu usichana wake. Alikula kama sisi, lakini chakula hakikumkaa, na wifi zake walisema mbele yake kwamba kaka yao ameoa mwiko.

"Niko ndani?" Mbuke akauliza.

"Humu wanaingia wote," Otmar akajibu bila raha.

Wiki iliyofuata tukaenda kuchukua picha. Hasnain alitandaza kwanza zile za usiku. Mbingu ilikuwepo yote, nyota kama unga uliomwagika, choo cha Valerian kimeinama upande mmoja kama mlevi, mpapai umeinama upande wa pili.

"Yenyewe iko wapi?" nikauliza.

Anar alikuwa ameizungushia duara kwa penseli, ili tusihangaike. Ndani ya duara palikuwa na kitu ambacho ningekiona kwenye nguo ningekipangusa.

Otmar hakuinua kichwa. Mimi niliitazama cherehani yangu ukutani, imefunikwa shuka isiyo yangu. Chini ya shuka nikaona wamefungua droo ya kushoto; bila vifungo vyangu, sasa inafunguka vizuri.

Ndipo Anar akasema, "Mama Justina, huyu mama mnene ni nani? Amependeza."

Katika picha za harusi, Mbuke alikuwa amejaa. Mikono imejaa, mabega yamejaa, uso mpana kama wa mke wa mkuu wa wilaya. Lenzi ilikuwa imemvuta kila aliyekaa pembeni, ikampanua. Aliyekaa katikati ilimsukuma nyuma, na bwana Telesphori alikuwa amekaa baina ya maharusi kama mtoto wao wa kwanza.

Tulizipeleka Tinde kwa woga. Valerian alizitazama, akamwita mkewe. Mke akawaita wifi za Mbuke. Wale wakaipokezana ile picha. Mbuke alipofika akaishika kwa mikono miwili.

"Mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mnaona jinsi ninavyolishwa," akawaambia wifi zake, na picha hakuirudisha tena.

Telesphori alikuja studio Jumatatu, asubuhi, kabla hatujafagia.

"Shikamoo," Otmar akamwamkia.

"Marahaba. Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, bwana katibu. Ni mahali ulipokaa."

"Nimekaa mahali pangu."

"Mahali pako pamehama. Sasa ni pembeni."

Akafikiri kidogo, akavuta kiti akakiweka pembeni kabisa mwa pazia, akakaa. Kwa kuwa picha haiwezi kuwa na mtu pembeni bila mtu katikati, akamwita karani wake akae pale. Ilipotoka, alinunua nne.

Baada ya hapo kazi haikupumzika. Walikuja kutoka Mwakitolyo wachimbaji wenye vumbi kwenye nyusi, wanataka wazazi wao nyumbani waone kwamba machimbo yanawalisha. Walikuja wanawake waliojifungua. Ndugu waligombana kwa nafasi za pembeni, na wale wakubwa waliozoea katikati wakawasukumia watoto na maskini pale. Otmar alijaribu mara mbili kuwaeleza kwamba lenzi hiyo ni ya nyota. Picha ya nyota yenyewe aliitundika mbele, na duara lake la penseli. Haikununuliwa hata moja.

Mzee Clemens aliisogeza karibu na jicho lake lenye nafuu, akapitisha kidole gumba juu ya duara.

"Hii siyo," akasema. "Hii ni mtoto wake. Yangu ilikuwa mama yake. Ongezeni mabua."

Tarehe ishirini na tano ya mwezi wa sita cherehani ilirudi kwa lori lilelile. Niliipaka mafuta, nikavirudisha vifungo kwenye droo ya kushoto, ikawa nzito tena. Nilikuwa bado nafungua mkanda wa gurudumu nilipomwona Mbuke mlangoni, kitenge kipya kwapani.

"Mayu, nishonee gauni."

Nikachukua futi. Akarudi nyuma hatua moja, akatoa picha kifuani.

"Usinipime mimi," akasema. "Pima hapa."

Nikaiweka juu ya meza ya cherehani, nikapima kwa rula ya Justina: mabega, kifua, kiuno. Nikalishona pana kama lilivyotakiwa, kisha, bila kumwambia, nikalikunja ndani vidole vinne kila upande na kulipitishia uzi mwepesi, ili lisimdondoke njiani. Jumapili alikuja nalo kanisani. Alikuwa ameukata ule uzi. Aliingia amelishika gauni kiunoni kwa mikono miwili, akapita viti vyote vya katikati vilivyokuwa wazi, akaenda kukaa mwisho wa benchi, pembeni kabisa.