Siku Kumi Bila Maji

Jani la chini lilibaki mkononi mwangu, laini na la manjano kama kitunguu kilichochemshwa. Nilikuwa nimeligusa tu.

Mmea ulikuwa wa marehemu mke wangu. Majani yake manene yamejipanga duara kama waridi, naye akaupa jina Kibonge. Aliupanda mwenyewe ndani ya kopo, dirishani, kabla ugonjwa haujamlaza. Kwa miezi minane nilimpelekea vidonge na glasi ya maji saa moja asubuhi. Alipoondoka, mkono wangu haukupata habari. Uliendelea kujaza glasi saa ileile, na kwa kuwa hakukuwa na wa kuyanywa maji, nilimpa Kibonge.

Jumamosi akaja shemeji, mdogo wake marehemu. Akachokonoa udongo kwa kidole, akaunusa.

"Shemeji, huyu si samaki. Umemzamisha."

"Nilidhani anadhoofika kwa kiu, nikamwongezea."

"Kiu gani? Majani yenye kiu hukunjamana. Haya yamevimba. Na kopo lenyewe halina hata tundu! Lete kisu, tumkate kichwa."

"Kichwa?"

"Shina limeoza. Ukimwonea huruma utamzika." Akanirudishia kisu nilichokuwa nimemletea. Kisha akasema polepole, "Kata wewe. Mimi nitashika."

Nikakata. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia. Nikapandisha kisu, nikakata tena, na tena, mpaka shina likatokea kijani, safi. Kilichosalia kilienea kiganjani. Shemeji akakiweka juu ya mdomo wa chupa tupu, kivulini, kidonda kikauke.

"Asipate hata tone mpaka atoe mizizi. Ndipo umpande kwenye mchanga na kokoto, kopo litobolewe."

Asubuhi iliyofuata nilisimama dirishani na glasi yangu ya maji, sijui pa kuipeleka. Mwishowe nikayanywa mimi. Kumbe kukaa bila kumhudumia mtu nako ni kazi, tena kazi ya kuvunja mgongo. Kila siku nilimgeuza Kibonge, nikamchungulia chini, nikamrudisha.

Siku ya kumi nikampigia simu shemeji.

"Ametoa mizizi."

"Mingapi?"

"Minne. Myekundu, myembamba kama uzi."

Nikamsikia akipenga kamasi.

"Na wewe je, umekula?"

"Bado," nikajibu, nikashangaa kukuta kweli nina njaa.