Gitaa Linalong'ata

Uliona, usijitie hukuona. Siku ile mpiga gitaa aliporuka jukwaani kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, wewe ulicheka, ukasema kalewa, ukarudi kwenye pilau yako. Hakuwa mlevi. Umeme ulimpiga, nawe uligeuza uso.

Mpigaji huyo ni Salome, binti wa Kimakonde anayekaa Rasbura, Lindi, anayepiga na kuimba harusini. Gitaa lake alilinunua mtumba Kariakoo, na tangu siku ya kwanza lilinguruma kama pikipiki iliyotoboka bomba. Fundi wa kwanza alilibandika plasta. Wa pili alisema lina jini. Wa tatu, Rehani, fundi wa redio, ndiye aliyefungua mfuniko, akasonya.

"Dada Salome, hebu tazama uchafu huu. Huu ndio waya unaounganisha nyuzi na amplifaya. Mtu kaukata! Makusudi, kwa koleo!"

"Ili iweje?"

"Atajua yeye na Mola wake."

Akaulehemu, akachomeka. Mngurumo ukakoma. Salome alipogusa nyuzi, gitaa liliimba hata muuza mihogo wa jirani akasahau karai lake motoni.

Jumamosi wakaenda ukumbini, Rehani naye kabeba amplifaya. Sakafu ilikuwa imenyunyizwa maji kuua vumbi, mikeka imetandikwa juu yake. Salome akapanda na raba zake. Bi Mwanaheri, shangazi wa bibi harusi, akamkata jicho.

"Mkeka wetu haukanyagwi na viatu, mwanangu. Vua."

Akavua. Akashika nyuzi. Kitu kikampanda mkono mpaka begani, kikamtupa kando. Wageni waliotangulia wakaangua kicheko.

Mzee Shamte, mwangalizi wa ukumbi, akaja na dawa yake ya siku zote. "Kata ule waya wa ndani ya gitaa, mwanangu, umeme usifike kwenye nyuzi. Wenzako wote hukata wakija hapa. Eusebio alikata, na yule kijana wa Kikole alikata."

"Na maikrofoni, mzee? Nayo ni chuma, imeungwa kwenye amplifaya hiyo hiyo. Nikate midomo?"

"Basi omba ruhusa uvae kandambili."

Salome alihisi machozi ya hasira. Miezi yote hiyo analaumu gitaa, kumbe mwenyewe wa kwanza alilikata ulimi ili lisiseme kwamba umeme unavuja!

"Kwangu halikung'ata," Rehani akasema. Akagusa bati la amplifaya kwa testa. Kijitaa chake kikawaka: bati lilikuwa na umeme. Akazunguka nyuma ya ukumbi, akarudi uso umemvimba kwa hasira. "Fimbo ya shaba imo ardhini. Waya wa kuupeleka umeme unaovuja mpaka kwenye hiyo fimbo, haupo."

Mzee Shamte akakohoa, macho yakamponyoka yakapanda juu. Salome akayafuata. Pazia la waridi la bibi harusi lilining'inia kwenye waya wa shaba ulionyooshwa toka ukuta huu hadi ule.

"Kamba ya pazia ilikatika," mzee akasema taratibu. "Mwaka ule wa mafuriko. Tukauazima huo."

Mwaka wa mafuriko! Maharusi wangapi wamepigiwa picha chini ya waya ule, na watu wangapi wakaukodolea macho wakasifia pazia?

"Zima swichi kubwa," Salome akasema.

"Usithubutu!" Bi Mwanaheri akaruka. "Bibi harusi yuko njiani kutoka Pande!"

"Basi aimbe yeye, shangazi, na miguu yake yenye hina."

Akapanda kiti, akalishusha pazia. Bi Mwanaheri alilidaka lisije likagusa maji, huku akiwatukana Wamakonde wote kwa zamu. Mzee Shamte akaenda kuzima swichi. Rehani akauchukua waya, akaurudisha kwenye fimbo yake, akaukaza kwa spana. Umeme ulipowashwa, testa ilibaki giza juu ya bati. Salome, peku juu ya mkeka ulioloa, akaanza kugusa uzi kwa mgongo wa kidole kimoja. Halikung'ata. Akashika nyuzi zote, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni, akaimba.

Ukumbi mmoja huo. Wenu je? Weka chini unachokisoma. Nenda nyuma ya ukumbi, ya kanisa, ya madrasa, tazama ule waya unaoshuka ardhini kama bado upo. Ukikosekana, zima swichi kubwa, ita fundi umeme, na mwenyekiti akikuambia mbona siku zote tumeishi hivi, simama hapo hapo kwenye swichi usibanduke. Jumamosi hii kuna mtu ataambiwa avue viatu. Inuka.