Buti la Mwalimu Sylvère

Faridi mwenyewe anakubali: siku ile mjinga alikuwa yeye. Anachokataa ni kwamba alishindwa.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Buyenzi. Nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo, petroli inauzwa kwa chupa kama asali, na magari yamelala kwenye magaraji hadi kuku wanatagia ndani. Gari pekee lililokuwa likitembea kila siku katika avenyu yao lilikuwa la watoto: usukani wa lori bovu, basi. Mwenye usukani hukimbia mbele akiunguruma kwa mdomo, wengine humfuata nyuma, wao ndio abiria.

Usukani ulikuwa kwa Assia, binti wa fundi Tajudini, na Assia hakuwa mtu wa kuazima. Dawa ilikuwa moja tu, mchezo wa kujificha. Mwenye usukani hutafuta. Asiyeonekana mpaka adhana ya alasiri, usukani ni wake likizo nzima. Faridi alikuwa na miaka kumi, na maisha yake yote alikuwa abiria.

Kwa hiyo siku ile alijikunja ndani ya buti la mizigo la Pejo ya mwalimu Sylvère, iliyokuwa imelala garajini kwa fundi Tajudini miezi minane. Kufuli lilikuwa limekufa, akavuta mlango kwa waya akatulia. Sakafuni palikuwa na tundu la kutu, akaliwekea pua.

Asichojua ni kwamba asubuhi ile kabureta ilikuwa imefika kutoka Bukavu, imefichwa ndani ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwani, na fundi alikuwa ameshaifunga.

Gari likatetemeka. Likakohoa. Likaanza kunguruma.

"Ehee," Faridi akawaza, "Assia ananitikisa nitoke. Lakini leo anaunguruma vizuri, huyu mtoto. Amefanya mazoezi."

Gari likaondoka. Kupitia tundu akaona vumbi likikimbia, halafu lami. Akajiziba mdomo asicheke. "Wamenisukuma mpaka barabara kubwa! Wasukume tu, watachoka wao, mimi nimekaa." Harufu ya ndagala iliyopanda na moshi wa injini ilikuwa imemjaa kichwani, lakini usukani ni usukani.

Njia ya kupandia Mutanga Sud, alikoishi mwalimu, ilikuwa na kizuizi. Gari likasimama, na askari akaamuru injini izimwe. Mwalimu akazima huku roho ikimuuma, maana fundi alikuwa amemwonya: ukiizima kabla ya kufika nyumbani, mi simo.

"Mu buti kuna nini?"

"Hakuna kitu, shefu. Hata jeki hakuna."

Miaka ile buti la gari halikufunguliwa kwa mzaha. Askari akaweka bunduki tayari, akainua mlango. Faridi alikuwa amefumba macho, kwa imani kwamba asiyeona haonekani.

"Assia, apana! Bado hawajaadhini!"

"Mi naitwa Assia?" askari akauliza.

Faridi akafumbua jicho moja. Akaona viatu, akaona bunduki, akaona uso wenye ndevu ambao Assia hakuwa nao. Mwingine angelia. Yeye akaweka kidole mdomoni, akanong'ona:

"Shefu, funga. Watanikuta."

Mwalimu Sylvère alikaa chini, palepale barabarani, na suruali yake ya kufundishia.

"Mwalimu, si ulisema hakuna kitu?"

"Shefu, naapa, niliagiza kabureta! Sikuagiza mutoto!"

Askari alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akafuta machozi, akasema mtoto arudishwe kwao kabla yeye hajacheka tena. Injini ikaombwa, ikabembelezwa, ikatukanwa, ikakataa. Bahati njema kurudi ni mteremko. Mwalimu akashika usukani, Faridi akaenda nyuma kusukuma.

Walipoingia avenyu, alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa na kuswaliwa. Watoto wote walikuwa nje, na fundi Tajudini amesimama mlangoni, mikono kichwani. Mwalimu akawasimulia wote habari ya askari. Faridi, jasho linamtoka na ananuka ndagala, akanyoosha mkono kwa Assia.

"Lete usukani."

"We ulionekana."

"Na nani?"

"Na askari!"

"Askari anacheza na sisi? Alihesabu mpaka mia, amefumba macho ukutani?"

Watoto wakaguna. Hilo lilikuwa neno.

"Basi ulitoka avenyu," Assia akasema. "Sheria ni hapa hapa."

"Mi sikutoka! Mi nilikaa kimya pahali pangu. Pahali ndipo palipotoka. Kagombane na pahali."

Hapo hata fundi Tajudini akakuna kidevu. "Assia, binti yangu," akasema, "huyu mutoto ana haki kidogo."

Abiria wote wakaanza kupiga makofi. Faridi tayari alikuwa akijaribu muungurumo wake, taratibu, kwa midomo. Assia akamtazama kutoka nywele mpaka vidole, akaugeuza usukani mara moja mikononi, akauweka kwapani.

"Faridi, kwenda ulikuwa mzigo. Kurudi ulikuwa musukumaji. Usukani unautakia nini?"