Karai la Simu

Msiniambie ile antena ina akili. Mimi Winny naijua akili yake.

Maji yalipofunika Kano, sisi wote tulikimbilia shule moja iliyo mwinukoni, karibu na Ahero. Wote isipokuwa Mama. Baba tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na kwetu mjane halali nje ya boma kabla matanga hayajaisha. Nilimsihi kwa simu mpaka sauti ikakauka.

"Wacha nifikirie, nyara," akasema. Nyara, binti yangu, hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Nikikubali kutoka, nitakutumia meseji."

Kisha netiwaki yake ikapotea, hata kesho yake haikurudi. Na pale shuleni ilikuwa tele, watu wanatazama hadi mpira!

Nikamvaa Gordon, fundi wa mnara wa simu, aliyekwama pale nasi.

"Mnara ni mzima, dada," akasema. "Hii antena mpya haimwagi mawimbi kila upande. Inayakusanya na kuyaelekeza kwenye simu nyingi. Nyinyi mmehama, nayo imewafuata."

"Na mama yangu?"

Akaangalia chini. "Yeye ni simu moja."

Moja! Aki, nilitaka kumzaba kofi.

"Basi tumpelekee zingine," nikasema.

Nikapita madarasani na karai, nikiomba simu. Walinicheka, kisha wakatoa. Gordon akaziacha zote zikionyesha mpira, ili antena izifuate. Tukapanda boti.

Tulipokaribia boma, simu yangu ikalia. "Nyara nimekubali. Njoo."

Nilipiga vigelegele! Mama yangu, mkaidi yule, amekubali! Nilimkumbatia Gordon tukataka kupinduka. Nikampigia. Niliisikia simu yake ikiita ndani ya nyumba. Hakupokea.

Alikuwa ameketi juu ya meza, maji kiunoni, kichwa kimeegemea ukuta. Alivaa koti la Baba, na mkoba wake mapajani. Simu aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaitundika juu kwenye msumari, labda huko netiwaki ingefika. Kioo chake kilionyesha ile meseji aliiandika jana mchana. Tangu jana simu ilikuwa ikijaribu kuituma.

Nilimshika mkono. Ulikuwa umeshapoa.

"Mama, nimekuja," nikamwambia. "Mama, si nimekuja?"

Nyuma yangu, ndani ya boti, karai zima lilikuwa likishangilia bao.